Mulango ya Frigo

Mulango ya nyumba yetu iko kubwa kupita ile ya kanisa. Mugeni akipita mu njia anasimama, anaangalia nyumba yetu ya mbao vile iko kadogo, anaangalia mulango, anauliza kama tunalala na ngombe. Bwana yangu anamujibu: "Hapana, papa. Hii njo mulango ya frigo." Mugeni anachungulia. Anaona mafiga, gunia za viazi, kitanda ya mama mukwe. Haone frigo wala kitu yoyote ya kupozesha. Na kwetu huku juu ya Kashuga hakuna courant ya umeme, hata waya moja ya kudanganyia macho. Hapo njo mugeni anageuka kuniangalia mimi.

Nilishachoka kuangaliwa. Leo naandika yote mara moja, mwenye kuuliza asome.

Masomo niliachia mu mwaka ya tatu ya primaire, nikaolewa, nikazaa, nikalima. Nilipopita miaka makumi ine, kanisa ikaanzisha masomo ya mangaribi, na mi nikaenda kukaa na bamama benzangu, kila mutu na chaki yake, wengine na mutoto mu mugongo. Kiswahili ilinikubali haraka. Kifaransa tulisumbuana. Mwalimu akatuambia: "Bamama, musome kila kitu munakutana nayo." Mi nikamutii kabisa. Nilisoma gunia ya chumvi, karatasi ya sabuni, tangazo ya chanjo, mupaka maandishi ya nyuma ya shati za batu mu kanisa. Pasta akisema "tufumbe macho," mi nilikuwa nasoma mugongo ya mwenye iko mbele yangu.

Simu nilipewa na binti yangu mukubwa mwenye aliolewa Walikale. Iko simu ya kioo, ya kugusa na kidole. Lakini nyumba yetu iko mu bonde, na mu bonde rezo ya simu haifike. Ukitaka rezo unapanda mulima mupaka kwenye mikaratusi tatu. Na kule kila mutu iko na fasi yake. Yangu iko pembeni ya jiwe. Nikisogea hatua mbili, simu inakufa ganzi. Fasi ya karibu na yangu ilikuwa ya mama moja wa shorale yetu ya kanisa. Mi nilikuwa muimbishaji, mwenye kuanzisha nyimbo, na yeye alishasema mbele ya bote kama naanzisha juu sana, batu banakaza shingo kama kuku yenye inakunywa maji. Tangu siku ile tukaacha kusalimiana. Miaka mbili tulisimama pale bega kwa bega, kila mutu analalamika mu simu yake, bila "jambo" hata moja.

Siku ile nilipanda asubui kumuuliza binti yangu kama mutoto wake alishaacha kukohoa. Simu ikatetemeka. Mesaje ikaingia, na herufi kubwa sana juu. Nikaanza kuikata kata vile mwalimu alitufundisha: fe-li-si-ta-sio. Félicitations, njo kusema hongera! Sijasoma neno ndefu hivi peke yangu tangu nizaliwe. Nikaisoma mara tatu, na kila mara ilikubali. Neno ndefu kama ile ikikukubali, unaipendaka. Huwezi tena kuishuku.

Chini ya neno kulikuwa roue, gurudumu ya bahati ya rangi nyingi. Bananiambia nizungushe bure. Nikazungusha: kisanduku ya biskuti. Bananiambia nizungushe tena. Nikasema jina ya Bwana, nikazungusha: FRIGO. Na picha yake, nyeupe, ndefu, na mama moja wa kizungu anaikumbatia kama ni mutoto wake mwenye alirudia toka vita.

Sasa, juu nipewe, banasema nitume ile mesaje kwa batu kumi na tano. Nikahesabu benye niko nabo mu simu: pasta, bamama ba shorale, mwalimu, munganga wa ngombe, bwana wa kabini mwenye anauzaka unité za kupigia simu na kutuma franga ku simu, binti yangu. Kumi na ine. Nikageuka.

"Dada," nikasema.

Yule mama akaruka kama jiwe njo iliongea.

"Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Ya frigo."

Akaniangalia murefu, mara ku uso, mara ku simu. Kisha akanipa namba, na siku ile tukashuka mulima pamoja. Na ile niseme haki: kuko batu balipatanishwa na bazee, kuko benye balipatanishwa na pasta. Sisi roue njo ilitupatanisha.

Ku nyumba bwana yangu alikuwa anarandisha mbao. Nikamuambia. Akaweka randa chini.

"Frigo. Courant itatoka wapi?"

"Mungu akileta frigo, courant itaifuata."

"Na kama haifuate?"

"Tutaweka ndani nguo za kanisa. Panya hawezi kufungua."

Kwa hiyo neno ya panya akageuka kuangalia suruali yake ya arusi, yenye panya ilikuwa imekula. Bwana yangu si mutu wa kuamini haraka, lakini ukimuonyesha vipimo, umemushinda. Mu picha baliandika urefu: karibu metre mbili. Akachukua metre yake, akapima mulango. Mulango yetu ya zamani ilikuwa fupi, kila mutu alikuwa anainama kuingia. Mama mukwe alipenda ile sana: kitanda yake iko ngambo ya mulango, basi mugeni yeyote, hata mukubwa wa kijiji, alikuwa anaingia kama mutu mwenye anamuinamia yeye.

Bwana yangu akachukua musumeno, akaikata nyumba, urefu ya frigo na upana ya bapapa bane benye bataibeba. Alikata siku mbili. Alipomaliza, mbao ya kufunga tundu kubwa hivi haikukuwa, akatundika sheeting ya plastiki, na upepo ya Masisi ikahamia kwetu na jamaa yake yote.

"Kwetu Ngungu," mama mukwe akasema toka mu blanketi, "baridi ilikuwa inagonga, inakuta batu bamefunga, inarudia. Huku bananifungulia."

"Mama, vumilia, frigo iko njiani."

"Frigo njo nini?"

"Ni sanduku ya kuleta baridi mu nyumba."

Akageuza sikio ku sheeting. Macho yake haione tena vizuri, lakini masikio iko nzima. "Sasa," akasema, "muliitoboa nyumba juu ya nini, kama baridi yenyewe ilishafika?"

Siku ya Mungu, siku ya ibada, nikasimama kutoa ushuhuda. Mu kanisa yetu, ushuhuda haiishake ku mudomo. Ukisema "nimepokea", juma yenye inafuata ao ingine unaleta kitu mbele, bote baione. Papa moja alishuhudia kama Mungu alimupa ngombe. Akaiingiza mu kanisa, na ngombe ikaacha sadaka yake mwenyewe karibu na mazabahu. Mama moja alishuhudia kama jino ilimuacha kuuma, akaleta jino. Sasa mwenye anashuhudia na haonyeshe, anakalishwa benchi ya nyuma, mudomo imefungwa, siku za Mungu tatu. Haimbe, haombe kwa sauti.

Na wakati ule shorale yetu ilikuwa inajitayarisha kwenda Kalembe, mu mukutano ya bashorale. Miaka mine nilikuwa naomba Mungu ile safari. Nyimbo nane, na zote nane mi njo naanzisha. Siku za Mungu mbili tu zilikuwa zimebakia.

Mutu mwenye akili angesema "nitapokea". Lakini imani haisemake nitapokea. Nikasimama, nikanyoosha mikono, nikasema: "Bandugu, nimepokea frigo!" Kanisa ikalia haleluya mupaka kuku za inje zikakimbia. Mupiga ngoma akaipiga ile ngoma yetu kubwa mara saba. Ile ngoma iko kubwa kabisa, haiingie mu mulango ya nyumba yoyote ya kwetu, njo maana ililalaka chini ya paa ya nyumba ya kanisa, inje, na mbuzi ilishakula ngozi yake mara mbili.

Muzee mukubwa wa kanisa akaandika mu kitabu yake. "Mama," akasema, "tunangojea kuiona."

Juma ile ajente wa frigo akaniandikia. Frigo iko, ni yangu, ni bure kabisa, imebakia tu kitu kidogo ya transport. Nikauza kuku moja, nikaenda kwa bwana wa kabini.

"Mama, unamutumia nani hii franga?"

"Ajente."

"Ajente wa nini?"

"Wa bure."

Akakuna kichwa, akatuma.

Kesho yake frigo ilikuwa imefika ku barrière ya njia, inaomba douane, kodi ya mupaka. Kuku ya pili. Kisha carton yake ililowa na mvua, inaomba carton ingine. Kuku ya tatu. Mama mukwe alikuwa anajua kuku zote na sauti.

"Mukamwana, ile yenye ililiaka kama mutu anacheka iko wapi?"

"Ilienda ku frigo, mama."

"Na ile ya mafua?"

"Nayo ilienda."

"Hii frigo inakula sana. Tumbo yake inaisha wapi?"

Kuku ya ine ilienda juu ya kufungua dosie ya makaratasi, na mi mupaka leo sijaelewa ile dosie ilifungwa na nani. Ajente alipoandika tena, kama inabakia kitu kidogo ya kufunga dosie yenye tulifungua, nikamujibu: "Papa ajente, nabakia na jogoo." Nikangojea. Nikapanda mulima asubui, nikapanda saa sita, nikapanda saa kumi. Papa ajente hakujibu tena. Jogoo alimushinda.

Hapo njo nilianza kuelewa. Mambo ya kuku niliweza kuimeza. Lakini ushuhuda ilikuwa mu kitabu ya muzee, na Kalembe ilikuwa karibu.

Na kulikuwa kitu ingine, yenye sikuelewa. Batu balikuwa bananiangalia mubaya. Unité niliweka asubui, saa sita haziko, na sikupigia mutu. Bibi wa pasta alinishika mukono ku soko, akaniuliza pole pole kama bwana yangu alianza kunywa. Binti yangu hakunipigia tena, aliniandikia tu: "Mama, muchana unashindaka wapi?" Nikamujibu: "Mu viazi." Hakuamini.

Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, bazee ba kanisa bakaniita. Nikaenda, nafikiri ni mambo ya frigo. Muzee mukubwa akakohoa mara tatu.

"Mama, ukipigiwa simu, kuko mwanaume anaimba."

"Mwanaume gani?"

"Sisi njo tunakuuliza."

"Anaimba nini?"

Muzee akaangalia bilato byake ku miguu. "Mi siwezi kutamka. Inaanza na bia, kisha inashuka ku kiuno."

"Papa, simu yangu inalia kring, kring, kama simu ya mukristo."

"Kwako. Mwenye anakupigia anasikia bia."

Nikaapa. Habakuamini. Nikawaambia: "Basi, kesho kisha ibada tupande bote ku mikaratusi. Munipigie mbele ya kanisa, na mi nisikie huyo mwanaume."

Ile siku ya Mungu nikasimama mbele, mikono mitupu. Usiku sikulala vizuri, lakini asubui moyo ilikuwa imetulia. Nikasema: "Bandugu, nilisema nimepokea. Sikupokea. Frigo haiko, haikuwake. Kitu yangu ya kuonyesha iko tu mulango, na siwezi kuileta, imeshikana na nyumba. Mwenye nilimutumia ile mesaje, aitupe. Asitoe hata yayi moja." Mu shorale bamama batatu bakaangaliana. Muzee akaandika. "Benchi ya nyuma," akasema, "siku za Mungu tatu." Kisha akafunga kitabu. "Sasa twende kwa yule mwanaume."

Kanisa yote ikapanda mulima, na nguo za ibada, na batoto, na bamama ba kambi ya bakimbizi benye banasali na sisi, na papa wa ngoma mwenye hakutaka kubakia. Muzee hakukuwa na simu ya kioo, alikuwa na ile ya tochi, na aliishika juu kama mutu mwenye mikono safi. Akafinya namba yangu, akaweka sauti inje.

Simu yangu: kring, kring. Simu ya muzee: gitare, kisha mwanaume mwenye sauti ya mafuta anaomba bia ya pili. Nikaweka mukono ku mudomo. Kisha akaanza mambo ya kiuno, na papa wa ngoma, bila kupenda, mabega yake ikaanza. Bibi yake akamufinya. Batoto balikuwa banajua maneno yote.

"Kata, papa, kata!" nikalia.

"Natafuta kwa kukatia," muzee akasema, na kidole inafinya kila fasi. Mwanaume akaimba mupaka mwisho.

Bwana wa kabini njo alielezea. "Mama, ile siku ulizungusha roue, chini kabisa kulikuwa maandishi kadogo sana. Ilisema ukizungusha, unakubali muziki. Kila siku inakukata unité. Hautaisikia weye, banasikia benye banakupigia."

Ile iliniuma kupita kuku. Mi mwenye nasoma gunia ya chumvi, mwenye nasoma migongo ya batu mu maombi! Neno kubwa ilinifurahisha, na kale kadogo sikuinamia. Bwana wa kabini akachukua simu yangu, akaandika neno moja ya kusimamisha, na mwanaume akafa.

"Sasa," akauliza, "nani mwengine alizungusha?"

Bote bakaangalia simu zabo. Kisha yule dada wa fasi ya karibu na yangu akanyoosha mukono. "Mimi. Nilipata machine ya kushona." Bakamupigia: bia, kiuno. Bamama batatu ba shorale: bia, kiuno. Batu sasa balikuwa banacheka waziwazi. Papa wa ngoma akasema, "Tujaribu na ya pasta, tumalize kwa baraka."

Pasta akaanza kujipapasa mifuko. "Batri yangu imekufa, bandugu."

Muzee alikuwa ameshafinya. Toka mu mufuko ya koti ya pasta ikalia kring, kring, na toka mu mukono ya muzee gitare ile ile.

Bwana wetu pasta akaangalia mbinguni, lakini hakuna musaada ulishuka.

"Mimi," akasema, "ilikuwa pikipiki. Juu ya kazi ya Mungu."

Bibi yake akageuka pole pole. "Kumbe ile kondoo haikuibiwa."

"Ilikuwa transport, mama."

"Na mi nimemutukana jirani siku tatu!"

Batu bengine balikaa mu majani sababu ya kucheka. Muzee alikaa ku jiwe yangu, akawaza, kisha akasema kama mama alishuhudia mbele ya kupokea, na pasta alilipa bila kushuhudia, na yote mbili iko makosa, benchi ya nyuma iko ndefu, inatosha batu bawili. Siku za Mungu tatu. Nikauliza: "Na Kalembe?" Akasema: "Kalembe iko ndani ya hizo tatu, mama." Nikasema ndiyo, papa. Sikubembeleza. Nilikuwa nimewaambia bamama kila mwaka kama makosa inabebwa na mwenye aliifanya. Sasa ilikuwa yangu kubeba.

Tukaenda Kalembe na miguu, ngoma mu mabega ya bapapa bane. Mi na pasta tukakalishwa nyuma kabisa, mudomo imefungwa, kama batoto benye balivunja chungu. Yule dada njo alisimama kuanzisha. Akaanzisha chini, chini kabisa, nikasema mu moyo, leo tumekufa. Lakini bamama bakaingia pole pole, shingo zimelegea, sauti ikajaa nyumba yote, na mu wimbo ya tatu bashorale bengine balisimama. Miaka mbili alikuwa anasema kweli. Naanzishaka juu sana. Nililia kidogo, na pasta akanipa kitambaa yake. Alifikiri nalia juu ya benchi.

Mu kurudia, mvua ikatukamata karibu na kwetu, ile mvua ya mawe. Bapapa na ngoma mu mabega bakaanza kutafuta fasi ya kuificha, na mulango yoyote haikubali. Yule dada akanivuta mukono. "Weye," akasema, "si uko na mulango?"

Tukakimbia. Bapapa bakaishusha ngoma mu mikono, hawakuinama hata kidogo. Ngoma ikapita wima, ikabakia nafasi ya mukono kila upande, na bwana yangu mwenye alikuwa anapika viazi akasimama na mwiko, akasema: "Vipimo ilikuwa kweli." Ngoma ikawekwa karibu na kitanda ya mama mukwe. Tangu siku ile inalalaka kwetu. Mbuzi haijaigusa tena, na bwana yangu alitengeneza mulango ya mbao ya kufunga ile tundu, nzito, ya kukunja mara mbili.

Mama mukwe alisikia kitu kubwa imeingia. Akatoa mukono mu blanketi, akapapasa ngozi, akapapasa mbao chini, kimo, upana.

"Mukamwana. Njo ile yenye ilikula kuku zangu?"

Nikaangalia yule dada. Yule dada akaangalia mafiga.

"Njo yenyewe, mama."

Akaipiga na ngumi. Bummm, na mbao za nyumba zote zikajibu. Akatabasamu, akajifunika.

"Haina baridi sana," akasema. "Lakini inaongea."